Mikate ya Kujaza kwa Chakula cha Jioni: Namna ya Kuioka Isipasuke Wala Isilowe

Mkate wa kujaza ukipasuka, lawama huenda kwa unga, hamira au moto wa oveni. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, kwenye kikaango: mchanganyiko wa ndani ulifungwa ukiwa bado na maji, au bado wa moto, au ulikuwa mwingi kuliko mkate unavyoweza kubeba. Ndiyo maana hapa maelezo marefu yako kwenye mambo mawili, kukausha kinachoingia ndani na kufunga ukingo. Yaliyobaki ni kazi ya kawaida ya mkate, na anayejua kuoka mkate wowote hatapata shida nayo.

Vipimo vilivyopo hapa vinatoa mikate 12 yenye ukubwa wa kujaa kiganja. Inatosha watu watano au sita, kila mmoja akila miwili pamoja na supu au saladi. Kazi nzima huchukua kama saa tatu, ingawa nusu ya muda huo ni kusubiri tu. Ikiwa chakula kinatakiwa mezani saa 1 usiku, anza kukanda saa 9:45 alasiri.

Mahitaji ya unga

- Unga mweupe wa ngano gramu 500, na kidogo cha kunyunyizia kibaoni
- Maziwa ya uvuguvugu mililita 300
- Hamira ya chembe ndogo gramu 7 (vijiko 2 vya chai na robo)
- Sukari gramu 20 (kijiko 1 na nusu cha chakula)
- Chumvi gramu 9 (kijiko 1 na nusu cha chai)
- Siagi laini au mafuta ya kupikia gramu 50

Mahitaji ya ndani

- Nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 400
- Vitunguu maji 2 vya wastani, kama gramu 200
- Kabichi gramu 300, iliyokatwa nyembamba sana
- Kitunguu saumu punje 3
- Chumvi kijiko 1 cha chai, kisha uonje
- Pilipili manga ya unga kijiko 1 cha chai
- Bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai
- Unga wa ngano kijiko 1 cha chakula
- Maji vijiko 3 vya chakula

Kwa kupaka juu: yai 1, maziwa kijiko 1 cha chakula, chumvi chembe chache. Ufuta ukipenda.

Ukiwa na mizani, itumie. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 au 150 kutegemea kama uliuchota au uliumimina, na tofauti hiyo ikijirudia mara nne unga unageuka mkavu, na unga mkavu haufungiki.

Kukanda

Changanya unga, hamira na sukari kwenye bakuli kubwa. Mimina maziwa, koroga kwa mkono mpaka pasibaki unga mkavu chini, kisha ongeza chumvi na siagi. Maziwa yawe ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi. Ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Yakiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe kidole haraka, acha yapoe, kwa sababu joto la nyuzi 60 linaua hamira na hakuna kusubiri kutakakoifufua.

Kama hamira yako ni ya chembe kubwa, iloweke kwanza kwenye maziwa hayo pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa dakika 10. Usipoona povu, tupa ununue nyingine. Hata hamira ya chembe ndogo inafaa kupimwa hivyo kama pakiti imekaa wazi kwa miezi.

Kanda dakika 10 kwa mkono. Mwanzoni unga utanata, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa kuongeza unga mkavu kiganja baada ya kiganja. Vumilia. Baada ya dakika tano hivi utaacha kunata wenyewe, siagi ikishaingia na unga ukishanywa maziwa. Ukimaliza uwe laini, ukibonyeza unarudi, na ukiuvuta kipande taratibu kati ya vidole unatandaa kama utando kabla ya kukatika. Unga wa mikate ya kujaza unapaswa kuwa laini kidogo tu kuliko unavyodhani unahitaji. Mgumu hujivuta unaposukumwa, na kingo zake hazishikani.

Paka bakuli mafuta, weka donge, funika, acha mahali penye joto mpaka liumuke mara mbili. Kwenye nyuzi 26 hadi 28 ni saa moja hadi moja na robo. Jikoni pakiwa na baridi ni zaidi. Usiangalie saa peke yake: chovya kidole kwenye unga mkavu, dumbukiza kwenye donge hadi nusu ya kidole, toa. Shimo likirudi taratibu na kubaki kidogo, tayari. Likijifunga mara moja, bado.

Anayetaka kupunguza kazi ya jioni anaweza kukanda usiku uliotangulia, akapunguza hamira hadi gramu 4, na kuweka donge kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 16. Unga wa baridi unasukumika vizuri kuliko wa joto na ladha yake inakolea. Kwetu hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, ila inadai kukumbuka siku moja kabla.

Kupika cha ndani

Fanya hivi wakati unga unaumuka, maana mchanganyiko unahitaji muda wa kupoa.

Tumia kikaango kipana. Sufuria nyembamba yenye kuta ndefu huzuia mvuke kutoka, nyama ikachemka katika maji yake badala ya kukaangwa. Pasha kikaango vizuri, tandaza nyama, uiache dakika mbili bila kuigusa. Kisha ivunjevunje kwa mwiko mpaka iwe chembe ndogo. Mabonge ya nyama ni adui wa aina yake: yanatoboa unga unapovutwa, na yanaacha mapengo ambamo mvuke hukusanyika.

Nyama itatoa maji. Endelea kupika kwa moto mkubwa mpaka uone maji yamekwisha na sauti imebadilika kutoka kuchemka hadi kukaanga, yaani ule mlio mkali wa mafuta. Hapo nyama huanza kuwa ya kahawia, na ladha nyingi hutoka kwenye hatua hiyo. Mafuta yakizidi kijiko kimoja cha chakula, mimina yanayozidi. Yataonekana hayana madhara yakiwa ndani ya kikaango, lakini yakigusa ukingo wa unga hapatashikana.

Tia vitunguu vilivyokatwa vidogo, pika dakika 6 hadi 8 mpaka vilainike na kuanza kubadilika rangi. Tia kitunguu saumu, bizari na pilipili manga, koroga nusu dakika. Tia kabichi na chumvi.

Kabichi ndiyo inayoharibu mikate mingi. Kwa uzito, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kabichi ni maji, na ikilainika ikaonekana imeiva bado yamo mengi. Usiifunike. Pika kwa moto wa wastani dakika 10 hadi 12, ukigeuza, mpaka gramu 300 ulizoanza nazo zionekane zimepungua kwa theluthi au zaidi. Wapo wanaopenda kabichi ibaki ngumu kidogo mdomoni. Hao wainyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi ikiwa mbichi, waiache dakika 20, waikamue kwa nguvu ndani ya kitambaa safi, kisha waipike dakika 4 tu. Wakifanya hivyo wapunguze chumvi ya nyama.

Sasa nyunyiza kijiko cha unga wa ngano juu ya mchanganyiko, koroga dakika moja, tia vijiko vitatu vya maji, koroga tena mpaka kila kitu kionekane kimevaa utandu mzito unaong'aa. Inashangaza kutia maji baada ya kuhangaika kuyaondoa. Lakini maji haya yanashikwa na wanga wa unga, hayatembei, na ndiyo yanayofanya ndani ya mkate pawe laini bila kulowesha. Ukiruka hatua hii utapata nyama kavu inayomwagika mkate unapokatwa.

Kipimo cha mwisho: pitisha mwiko katikati ya kikaango, ukisukuma mchanganyiko pembeni. Njia ikibaki kavu, zima moto. Maji yakirudi kujaza njia, endelea.

Onja. Kikiwa cha moto kinatakiwa kionekane kimezidi chumvi kidogo tu, kwa sababu mkate unaokizunguka utaipunguza. Tandaza kwenye sinia pana, unene usiozidi sentimita mbili, kipoe kabisa. Kwenye sinia huchukua dakika 30 hadi 40. Kikiachwa kimerundikana kikaangoni huchukua zaidi ya saa, na mvuke unaokinyeshea wenyewe unakirudishia maji. Mchanganyiko wa vuguvugu unaotiwa ndani ya unga huyeyusha siagi iliyomo, hulainisha tabaka la ndani na kuamsha hamira upande mmoja. Mkate huo ukitoka oveni una tabaka jeupe linalonata, ambalo mlaji atadhani halijaiva.

Usijaze nyama mbichi. Hata ikifika kuiva, maji yake yote yatakuwa yametokea ndani ya mkate.

Kugawa na kusukuma

Mwaga donge kibaoni, libonyeze litoe hewa. Utakuwa na karibu gramu 890. Gawa vipande 12 vya gramu 73 au 74. Usigawe kwa macho, kwani mikate isiyolingana haiivi pamoja. Viringisha kila kipande kuwa donge la mviringo, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha dakika 10. Mapumziko hayo hayana mbadala. Gluteni (protini ya ngano inayoufanya unga uvutike) iliyokazwa na kuviringisha inahitaji kulegea, la sivyo kila unaposukuma hadi sentimita 12 unga unajirudi hadi 9, na utaishia kuuvuta mpaka uchanike.

Anza na donge ulilotangulia kuviringisha. Kibao kiwe na unga mkavu kidogo sana, wa chini tu. Juu ya duara, upande utakaokuja kuwa wa ndani, pasiwe na unga mkavu hata chembe.

Sukuma kwa namna hii: weka kifimbo ukingoni, sukuma kuelekea katikati, simama kabla ya kufika katikati, rudi, zungusha duara kidogo, rudia. Unataka duara la sentimita 12 au 13 ambalo katikati lina unene wa milimita 4 na kingo milimita 2. Katikati ndipo panapobeba uzito wa nyama na kukaa kwenye sinia la moto. Kingo zitakunjwa na kuwa mara mbili au zaidi, kwa hiyo zikiwa nene kama katikati utapata fundo la unga usioiva chini ya mkate.

Kujaza na kufunga

Gawa mchanganyiko kwanza. Utakuwa na kama gramu 620, ambazo ni gramu 50 kwa kila mkate, karibu vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Kuna kishawishi cha kuongeza, hasa mwishoni unapoona nyama imebaki. Kataa. Inayobaki ni ya kula na wali kesho yake. Gramu 50 kwa unga wa gramu 74 ndicho kiwango ambacho mtu anayejifunza anaweza kukifunga bila kuvuta unga. Mkono ukizoea, gramu 60 inawezekana.

Kamua fungu la nyama mkononi liwe bonge lililoshikana, uliweke katikati ya duara. Pembeni pabaki sentimita mbili safi kabisa. Ukingo ukiguswa na nyama, pangusa kwa kitambaa kikavu, si kwa kidole chenye mafuta yaleyale.

Kuna maumbo mawili yanayofaa kuanzia.

La kwanza ni kifungu cha mviringo. Shika ukingo wa mbele na wa nyuma, viunganishe juu ya nyama, bana. Shika wa kulia na wa kushoto, vilete hapohapo, bana. Sasa una pembe nne zilizobaki wazi. Zilete katikati moja baada ya nyingine, bana kila moja. Mwisho shika fundo lote kwa vidole vitatu, lizungushe robo duara ukilibonyeza. Geuza, fundo likae chini. Uzito wa mkate wenyewe utalifunga zaidi, na ndiyo sababu umbo hili hupasuka mara chache kuliko jingine. Anayefanya kwa mara ya kwanza achague hili.

La pili ni nusu duara. Weka nyama upande mmoja, kunja upande wa pili juu yake. Kabla hujabana chochote, bonyeza kwa ukingo wa kiganja kuanzia nyama ilipo ukielekea nje, ili hewa itoke. Hewa iliyofungiwa huvimba ndani ya oveni na kutafuta njia, na njia rahisi ni mshono. Kisha bana ukingo wote kwa kidole gumba na cha shahada mpaka usione mstari kati ya tabaka mbili. Baada ya hapo kunja ukingo ndani kidogo kidogo, kila mkunjo ukilala juu ya uliotangulia, kama usuko wa kamba. Uma unaweza kutumika badala ya mikunjo, ila meno yake yasitoboe tabaka la chini.

Maji ya kubandikia hayahitajiki kama unga ni laini na ukingo ni safi. Ukiona haushiki, pitisha kidole chenye unyevu mara moja tu, upande mmoja. Ukilowesha pande zote mbili zinateleza, na utakuwa umeongeza tatizo.

Panga kwenye sinia lenye karatasi ya kuokea, nafasi ya sentimita 4 kati ya mkate na mkate.

Kuumuka mara ya pili

Funika kwa kitambaa chepesi, dakika 20 hadi 25. Usizidishe. Mkate mtupu hufaidika na kuumuka kwa muda mrefu, lakini huu una mzigo. Ukiumuka kupita kiasi ukuta wake unakuwa mwembamba, ule ulio juu ya nyama unainuka peke yake, na mshono uliofungwa vizuri unaanza kufunguka. Ukiuwahisha mno nao hupasuka, kwa sababu nguvu yote iliyobaki ya hamira inalipuka katika dakika za kwanza za oveni. Bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole ubavuni: alama inayorudi polepole ndiyo ishara.

Washa oveni mara tu unapoanza kusubiri, nyuzi 200. Ikiwa ni ya feni, nyuzi 180. Dakika 20 za kupasha si nyingi, kwani taa ya oveni huzimika mara hewa inapofika joto hilo, wakati kuta na chuma bado havijafika.

Piga yai na maziwa na chumvi, paka tabaka jembamba kwa brashi, subiri dakika tano, paka la pili. Tabaka mbili nyembamba hutoa rangi nzuri kuliko moja nene, na halitiririki. Yai linalotiririka hadi kwenye sinia huganda na kuushikilia mkate chini. Kwenye nusu duara toboa tundu moja au mawili juu kwa kijiti cha meno, mvuke upate pa kutokea. Kifungu cha mviringo hakihitaji. Nyunyiza ufuta.

Kuoka

Rafu ya katikati, dakika 18 hadi 22. Dakika ya 12 geuza sinia, kwani oveni nyingi za nyumbani zina upande mmoja mkali. Mikate ikishika rangi mapema, funika juu kwa karatasi ya foili bila kuibana.

Kugonga chini na kusikiliza, kama wafanyavyo kwa mkate wa kawaida, hakukusaidii hapa kwa sababu ndani pamejaa. Inua mmoja uangalie chini: pawe pa kahawia, pakavu, na pasiingie ndani ukibonyeza. Mwenye kipimajoto akichome hadi katikati. Nyama iwe imefika nyuzi 75 au zaidi.

Hamishia kwenye waya ya kupozea mara moja. Mikate ikiachwa kwenye sinia la moto, mvuke unaoshuka hauna pa kwenda na chini panalowa ndani ya dakika chache. Ukipenda ngozi laini, paka siagi kidogo na kufunika kwa kitambaa. Ukipenda ngozi kavu, iache wazi. Subiri dakika 10 kabla ya kula, maana nje hupoa haraka na ndani pakabaki pa kuunguza ulimi. Watoto wapasuliwe mikate kwanza.

Bila oveni

Tumia umbo la mviringo, na baada ya kufunga ubonyeze kwa kiganja mpaka uwe na unene wa sentimita mbili, fundo likiwa chini. Uache dakika 15. Tumia kikaango kizito chenye mfuniko, mafuta kidogo tu ya kupaka, moto mdogo. Upande wa fundo ndio unaoanza, dakika 7 au 8 ukiwa umefunikwa, kisha geuza dakika 6 au 7. Moto ukiwa mkubwa nje paungua na ubavu ubaki mweupe mbichi. Mwishoni simamisha mikate kwa ubavu, dakika moja moja, ukiizungusha. Yai la kupaka liache kabisa, linaungua.

Kukaanga kwenye mafuta mengi kunawezekana pia, nyuzi 170, dakika 4 au 5 kwa jumla. Ila hapo mshono usio imara hauna msamaha: mafuta yakiingia, yanarusha.

Ukitaka kubadilisha cha ndani

Kanuni hazibadiliki: kiwe kikavu, kimepoa, kimeiva, na kisiwe na vipande vikubwa kuliko njegere.

Kuku: gramu 350 za nyama iliyochemshwa na kuchambuliwa. Tengeneza mchuzi mzito kwa siagi gramu 25, unga gramu 25 na maziwa mililita 200, changanya, weka kwenye friji mpaka ugande. Ukiwa baridi unakatika kwa kijiko kama jibini laini, na ni mwepesi kufungia kuliko mchanganyiko wowote. Ndani ya oveni unarudi kuwa mchuzi.

Spinachi na jibini: spinachi gramu 500 ichemshwe dakika moja, ipozwe kwa maji baridi, ikamuliwe hadi matone yakome, kisha ikamuliwe tena. Ongeza jibini kavu lenye chumvi gramu 250 na kitunguu kilichokaangwa. Jibini linaloyeyuka na kutiririka sana halifai peke yake, linapita kwenye tundu dogo kuliko unavyoweza kuliona.

Viazi na dengu: viazi gramu 300 vichemshwe na maganda, vimenywe, vipondwe vikiwa vya moto ili vitoe mvuke. Dengu kavu gramu 120 ziive bila kuvurugika, zichujwe vizuri. Mchanganyiko huu unakula chumvi na viungo vingi, kwa hiyo onja mara mbili. Faida yake ni kwamba hautoi maji ndani ya oveni.

Kilichoharibika na sababu yake

Mkate umepasuka ubavuni, mbali na mshono: uliwekwa oveni haujaumuka vya kutosha, au ukuta wake ulikuwa mwembamba upande mmoja. Umefunguka kwenye mshono: mafuta au unga mkavu ukingoni, au ulijaza kupita kiasi. Tazama mshono wenyewe. Ukiona tabaka mbili zimeachana zikiwa safi na zimenyooka, ni unga mkavu. Ukiona zimechanika kwa nguvu, ni kujaza mno.

Pengo kubwa kati ya nyama na paa la mkate lina sababu tatu, na kwa kawaida zinakuja pamoja: mvuke wa mchanganyiko wenye maji, hewa iliyofungiwa, na kuumuka kulikozidi. Pengo dogo la nusu sentimita ni la kawaida, wala usilihangaikie.

Chini palipolowa hutoka kwenye maji ya ndani au sinia lililowekwa oveni isiyopata moto. Ikiwa mchanganyiko ulikuwa mkavu na bado panalowa, weka sinia rafu moja chini zaidi.

Mkate mgumu siku hiyohiyo ni unga mkavu uliozidishwa wakati wa kukanda, au oveni ya moto mdogo iliyokausha kwa dakika 35 kile kilichotakiwa kuiva kwa 20.

Kuhifadhi

Mikate isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili baada ya kutoka oveni, kwa kuwa ina nyama. Kwenye friji inakaa siku tatu hadi nne ndani ya chombo chenye mfuniko. Kupasha: oveni nyuzi 175, dakika 10 hadi 12. Maikrowevu inapasha haraka, lakini mkate unageuka kama mpira ukipoa tena, kwa hiyo pasha unaoula sasa tu, umefungwa kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu.

Kugandisha ikiwa mbichi hatukushauri: hamira hudhoofika, na kabichi iliyoganda ikiyeyuka inatoa maji mapya ndani ya unga. Ioke dakika 14 badala ya 20, iive bila kushika rangi sana, ipoe kabisa, igandishe ikiwa imetengana juu ya sinia, kisha uitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Inakaa miezi miwili hadi mitatu. Siku ya kula itoke moja kwa moja kwenye friza hadi oveni ya nyuzi 180, dakika 20 hadi 25, mpaka katikati pafike nyuzi 75, na yai la kupaka litiwe katika dakika nane za mwisho.